Mpimaji na Diski Iliyopona

Kompyuta ya Mpimaji ilipoanza kujikagua, yeye alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani, akatulia hivyo mpaka programu imalize kupita diski nzima na kioo kirudie rangi yake ya kila siku. Waliokuwa sebuleni nao walisimama, kwa sababu kwetu huwezi kubaki kitini wakati mzee wa umri ule amesimama. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa na diploma ya kompyuta kutoka Uingereza, na nilijua kwamba kinachofanyika mle ndani si ibada.

"Unakaa mbele ya daktari anayepima mgonjwa?" aliniuliza siku moja bila kugeuka.

Nikamjibu kwa heshima kwamba daktari huyo nimemsomea.

"Umemsomea daktari," akasema. "Mgonjwa je?"

Watu wa Marangu walimwita Mpimaji, na mimi sitamwita vinginevyo. Wa ukoo wake wapo na wanajijua. Alikuwa amepimia serikali ardhi kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye kihamba chake, akaendelea kupima bila kutumwa na mtu. Kihamba kwetu si shamba tu. Ni migomba na kahawa chini yake, nyumba, zizi, na makaburi ya waliokuachia. Mtu akiingia kwako hatua moja, amekanyaga pia waliolala humo.

Nami niseme nilikuwa nani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini niliitwa nyumbani kwake. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, mabega yangu yakafanya sugu kabla sijaota ndevu. Nilikwenda Uingereza bila mjomba wa kunipokea. Mchana nilipakia masanduku kwenye ghala, jioni nilisoma. Nilirudi Moshi na cheti ndani ya fremu, nikafungua duka la kuuza na kutengeneza kompyuta wakati ofisi nyingi za mjini bado zilikuwa zinazifunika zao kwa vitambaa vya kufuma. Kuanzia Bomang'ombe hadi Marangu, kompyuta iliyoharibika ililetwa kwangu. Waliniita Mwingereza. Walidhani wananitania.

Mpimaji alikuwa na tabia zake. Alitembea mikono nyuma, midomo ikicheza, akihesabu hatua, hata alipokuwa anakwenda kupokea komunyo. Pombe ya mbege aliinywa baada ya kazi tu, na hakuinywa kwa mtu mwenye kesi ya mpaka hata angeitiwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Futi yake ndefu ya kitambaa ilikuwa na kitanzi mwishoni, na kitanzi hicho alikitia kwenye chuma alichokipigilia ardhini. Hakumruhusu mtu yeyote kumshikia ncha ya pili.

"Mkono wa mtu una ndugu," alisema. "Chuma hakina."

Nilipenda sana maneno hayo. Niliyatumia hata dukani, nilipowaeleza wateja kwa nini kazi fulani afadhali ifanywe na mashine.

Lakini mtu yuleyule asiyeuamini mkono wa jirani aliiamini kompyuta aliyoinunua kwa watu walioondoka bila kuaga. Ilikuwa ni ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia. Kampuni zilifunguliwa na kufungwa kama maduka ya mnadani. Moja iliuza vitu vya ofisi yake mjini, na Mpimaji akapanda na kompyuta nyuma ya pikapu, ameifunga blanketi, ameipakata njia nzima kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Niliitwa kuiwasha.

Nilimfundisha programu ya kuchora ramani, akaielewa upesi. Kilichomshika moyo ni kingine. Kompyuta za wakati ule zilikuja na programu ndogo za kuitunza diski, yaani kile chombo cha ndani kinachohifadhi kila unachokiweka. Hukuzinunua, zilikuwa mle mle, kama mbwa unayemkuta kwenye nyumba uliyopanga. Moja ilikagua diski na kurekebisha makosa. Nyingine ilikusanya vipande vya mafaili vilivyotawanyika na kuvipanga pamoja, na wakati inafanya hivyo ilionyesha kiooni vijumba vidogo vya rangi vikihama, kimoja kimoja, kutafuta nafasi zao. Mpimaji angeweza kuviangalia tangu chai mpaka mtori wa mchana.

"Kila kiraka kinarudi kwa ndugu zake," alisema. "Na hakuna anayegombana."

Mke wake alipita na beseni la ndizi, akasema kwamba yeye ameishi na mzee huyu tangu usichana wake na hajawahi kuangaliwa namna ile.

Umeme ulipokatika ghafla, na ulikatika sana, kompyuta ilipowashwa tena ilijikagua yenyewe, na kwanza iliandika kwa Kiingereza kwamba haikuzimwa inavyotakiwa. Mpimaji alichukizwa na sentensi hiyo kila alipoiona. Alisema ni sawasawa na baraza la ardhi: analaumiwa aliyekuwepo, aliyekata umeme yuko mbali.

Basi akaingiza vihamba vyetu humo. Kila kipimo alichowahi kuchukua kijijini, kila pembe, kila kona ya mfereji, alikichora. Watu walikuja na watoto wao kuangalia kwao. Wengine walivaa nguo za kanisani. Mtu alionyeshwa mstari mweupe kwenye kioo cheusi, akaambiwa huu ni wako, ule ni wa jirani yako, akaondoka ameridhika kuliko aliyepewa hati.

Hapo ndipo kosa letu lilipozaliwa.

Kwa wasiotoka mlimani: mpaka wetu ni isale. Ni mmea wa majani marefu usiokufa kwa ukame wala kwa mvua. Ukikata kijiti ukakichomeka, kinaota. Babu alichomeka masale, baba akayakuta, wewe ukayakuta. Na jani la mmea huohuo ndilo la kuombea msamaha. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama alikuchomea nyumba, huna ruhusa ya kumfukuza. Kung'oa isale la mpakani ni jambo ambalo wazee walilizungumza kwa sauti ya chini.

Wa kwanza kung'oa walikuwa ndugu wawili, Aloyce na Valeri. Baba yao aliwagawia kihamba kabla hajafa, kisha akazikwa karibu kabisa na mstari wa kuwagawa. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa wa ndani, na majani ya mabingobingo hayakutosha. Safu ya masale ilikula nafasi. Wakapatana kuing'oa na kupanda mabingobingo moja kwa moja, kwa kuwa mpaka wao umo kwa Mpimaji na unaonekana wakati wowote.

"Isale halikamuliwi maziwa," Aloyce alisema, na kijiji kizima kikaurudia msemo huo.

Tulimtazama Mpimaji atasema nini. Nilikuwepo. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama unavyomwekea mtoto mkono kichwani, akasema mpaka umo ndani. Hakusema wang'oe, wala hakusema wasing'oe. Alikuwa anatabasamu. Kufika masika yaliyofuata, safu nyingi zilikuwa zimeondoka, na kutoka barabarani vihamba vyetu vilionekana kama kimoja.

Bibi mmoja jirani yake aliuliza: umeme ukikatika, mpaka unakwenda wapi? Watu walicheka. Nilimweleza vizuri kwamba diski hutunza hata bila umeme, na nilisema kweli.

Karatasi za vipimo vya zamani zilikuwa kwenye sanduku la mbao stoo. Mchwa walizimaliza. Mpimaji aliporipoti habari hiyo alikuwa kama anayesimulia kifo cha mtu aliyekuwa ameshazeeka vya kutosha. Nikamwambia, sasa tutoe nakala kwenye flopi, zile diski ndogo za kutoa na kuingiza, nizihifadhi dukani. Nilimwambia siku ile, nikamwambia na siku nyingine nyingi. Nilimletea hata pakiti mpya, bure. Aliniruhusu nimalize, kisha akatoa jibu lake, lile lile kila mara.

"Mpaka ukiwa na nakala mbili, hiyo ni mipaka miwili."

Nilimwelewa, na ndiyo maana nilishindwa kumjibu. Maisha yake yote alikuwa ameona ramani ya pili ikitokea kortini. Aliona mtu mwenye mkoba anatoa karatasi safi, yenye mhuri, na mstari umesogea upande wa aliyeleta soda. Nakala kwake haikuwa kinga. Nakala ilikuwa shahidi wa uongo ambaye bado hajaitwa.

Kisha diski ikaanza kugonga.

Niliusikia mlio huo nikiwa bado mlangoni. Ta. Kimya. Ta, ta. Kama kuku anayedonoa sahani tupu. Fundi yeyote wa kompyuta akiusikia, anajua diski inakufa. Nikaendesha ukaguzi wa uso wa diski, na kwenye vile vijumba vya kioo zikajitokeza alama za sehemu zilizokufa, ambazo programu inazitenga ili kisiandikwe kitu tena juu yake. Mwanzoni zilikuwa chache, pembeni. Wiki kadhaa baadaye zilikuwa zimesogea katikati. Watu waliokuja kuangalia wakaziita makaburi. Wengine waliacha kuja.

Mpimaji aliendelea kusimama na kofia kifuani. Sasa ukaguzi ulichukua muda mrefu zaidi, lakini hakukaa.

Wakati huohuo, chini kwa Aloyce na Valeri, mabingobingo yalikuwa yameota vizuri kupita kiasi. Aliyekata upande wake alikata na wa mwenzake. Kwanza walitaniana. Halafu Valeri akaacha kujibu utani. Halafu Aloyce akalipaka chokaa kaburi la baba yao, na Valeri akalipaka upya siku chache baadaye, ingawa chokaa ya kwanza haikuwa imepata hata vumbi. Mwenye kaburi ndiye mwenye sauti ya ukoo. Wote walilijua hilo. Mke wa Aloyce alimwambia mke wangu kwamba mume wake siku hizi analinoa panga asubuhi kabla hajanawa uso.

Balozi wetu, mtu mpole mwenye nyumba kumi za kuongoza na matatizo ya nyumba ishirini, akaamua waende wote wawili kwa Mpimaji wauone mstari mbele ya watu, yaishe. Nikaletewa habari Moshi, nikafunga duka, nikapanda.

Sebule ilijaa hadi uani. Aloyce alisimama kulia, Valeri kushoto. Mpimaji aliifungua ramani, na niliuona mstari wao kwa macho yangu, unashuka kutoka mfereji kuelekea barabarani. Aliusogeza kiooni mpaka ukakaribia kaburi. Umeme ukakatika.

Hakuna aliyetoka. Tulingoja gizani mwa mchana, mapazia yamefungwa kwa ajili ya kioo, tukisikia watu wakipumua. Umeme uliporudi, Mpimaji aliiwasha, kompyuta ikatoa lawama yake, ikaanza kujikagua, na mlio ukaanza. Ta. Ta, ta, ta. Yeye akasimama. Sote tulikuwa tumesimama tayari.

Katikati, programu ikasita. Ikaandika kwamba imekuta mafaili yaliyoingiliana, mawili yanadai sehemu moja ya diski. Nilipomtafsiria balozi, mtu mmoja nyuma akacheka peke yake, akaacha. Programu ikauliza: nirekebishe, au niache? Tena ikauliza kama tunataka kwanza kuweka kwenye flopi kumbukumbu ya mabadiliko, ili yakiharibika tuweze kurudi nyuma.

"Mzee, usiguse," nikasema. "Izime. Nipe diski niende nayo Moshi, nitoe kwanza kila kinachotoka. Programu hii inaponya diski. Haiponyi kilichomo."

Aloyce akaniangalia. "Mwingereza anapakana na nani chini kule?"

Kila mtu alijua. Kihamba changu kinapakana na cha Valeri.

"Ikienda Moshi," Aloyce akasema taratibu, "itarudi na mstari gani?"

Mimi ni mtu wa majibu, lakini katika sebule ile hakuna jibu ambalo lingekuwa na uzito kuliko kihamba changu. Mpimaji alitazama mkono wangu, nadhani, si uso wangu. Mkono una ndugu. Akaruka swali la flopi. Akabonyeza rekebisha.

Programu ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Mstari wa njano ulitembea chini ya kioo mpaka mwisho, ikaandika kwamba makosa yote yamerekebishwa. Mlio ulinyamaza. Watu walipiga makofi. Balozi alifuta jasho. Nilitazama vile vijumba, vikiwa safi, kila kimoja mahali pake, makaburi yamezungushiwa uzio. Ilikuwa diski iliyopona.

Mpimaji akakaa, akatafuta ramani. Haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na mafaili mapya, yametajwa kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, yakishuka ukurasa baada ya ukurasa. Programu ilikuwa imekata kila kilichogombaniwa, na vipande ambavyo haikujua ni vya nani ikavipa namba. Nilivifungua hadi jua likazama, na siku nyingi baada ya hapo, kwa ujuzi wote nilioupata ughaibuni, na kusema kweli hapakuwa na mtu mwingine mkoani ambaye angetoa hata nilichotoa mimi. Nilipata vipimo bila majina. Nilipata majina bila vipimo. Nilipata mstari mmoja mzima, mzuri, umepinda kidogo kushoto kama inavyopinda mistari yote ya kijiji chetu. Hakuna aliyeweza kusema ni wa nani, na watu wasiopungua nusu ya kijiji walisema ni wa kwao.

Tangu hapo ukipita vihamba asubuhi uliona watu wamesimama kwenye migomba yao bila kufanya kazi, wanatazama tu. Mawe yaliwekwa. Mawe yalisogea. Mbwa waliokuwa wanafunguliwa mchana walifungwa kwenye migomba ya pembeni kabisa. Kanisani, Valeri alihamia benchi la nyuma ya Aloyce, ili amwone, na Aloyce alisali huku amegeuza shingo.

Mpimaji hakushtakiwa na mtu. Hilo lilimuumiza zaidi, naamini. Hakuitwa popote. Kompyuta aliifunika blanketi lile lile iliyopanda nalo, na watoto walikatazwa kuingia sebuleni.

Nilimwona kwa mara ya mwisho Krismasi moja miaka michache baadaye, sisi sote tulipopanda nyumbani kama ilivyo desturi. Nilikuwa na suti mpya na gari langu mwenyewe, na nilikuwa natembea kwa miguu ili nisalimie watu. Nikamkuta kwenye mpaka wa Aloyce na Valeri, ameinama, ana mzigo wa vijiti vya masale mgongoni na jembe dogo mkononi. Alikuwa amekonda hadi shati lilikuwa linamvaa yeye.

"Shikamoo, Mpimaji."

"Marahaba, Mwingereza. Shika hapa."

Akanipa ncha ya futi. Kile chuma sikukiona popote. Nilishika, naye akaivuta hadi ng'ambo ya kaburi, akachimba shimo, akachomeka isale, akakanyaga udongo. Ndipo nikaona anapanda safu mbili. Moja ilipita upande wa Aloyce wa kaburi, nyingine upande wa Valeri, na marehemu akabaki katikati, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni mipaka miwili."

"Ndiyo."

Nikauliza kama ndugu hao wamekubali. Alichomoa jani moja la isale kwenye mzigo, akaja hadi niliposimama, akalinyoosha kwangu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, mzee mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe. Nilijua ni kwa ajili ya zile flopi na siku ile ya rekebisha. Nililipokea kwa mikono miwili pia, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kupokea isale.

Ndipo nikasikia kitu nyuma yake. Mwanzo wa safu, kule juu kwenye mfereji, Valeri alikuwa amechuchumaa. Aling'oa isale, akalikung'uta udongo, akalilaza chini pamoja na mengine, vizuri, majani yote yakielekea upande mmoja. Akasogea kwenye lililofuata. Hakuwa anaficha. Panga lake lilikuwa limechomekwa ardhini, pembeni ya goti.

Mpimaji hakugeuka. Alikuwa ameshaanza shimo jingine.

"Yuko hapo tangu asubuhi," alisema. "Mimi napanda, yeye anang'oa. Akichoka kabla yangu, mpaka utakuwepo."

Akakohoa, akaegemea jembe mpaka kikohozi kipite, akaniashiria nisogee na futi. Nilisogea. Juu kule Valeri alikuwa anapiga mluzi, wimbo wa kanisani, na kila alipofika mwisho wa ubeti isale lingine lilikuwa limetoka.